Anayetaka Kuingiza Msimbo Aandike kwa Mkono

3 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kama ulikuwa na mafua basi yawe yamekwisha yenyewe bila dawa zako za kunusa. Sisi hatujambo. Mama mtoto yuko zamu za asubuhi hospitalini mwezi huu, kwa hiyo nywele za mjukuu wako nasuka mimi, na mwalimu wake ameuliza kwa upole kama kuna tatizo lolote nyumbani.

Baba hajambo? Tangu Novemba hapokei simu. Nikipiga inaita mpaka inachoka, halafu baada ya dakika tano unaingia ujumbe: "Niko salama. Nipo kazini." Kazi gani, kwa mtu aliyestaafu ualimu wa hesabu miaka sita iliyopita? Ukimwona mwambie mwanawe anataka sauti, si maandishi.

Sasa niseme lililonileta. Wiki mbili zilizopita niliweka ombi kwenye jukwaa la mtandaoni la Sikio, hiyo programu yako huria ya kurekodi sauti, kwa adabu zote, na majaribio nikayaambatisha. Ukalifunga kwa maneno mawili: "Andika barua." Watu kumi na mmoja wakaweka alama ya kucheka. Kanuni yako ninaijua: anayetaka kuingiza msimbo wa watu wengine ndani ya Sikio aueleze kwa mkono, kwenye karatasi, apeleke posta, kwa sababu asiyeweza kuueleza bila kunakili na kubandika basi haujui. Ila nilidhani kanuni hiyo ni ya wageni. Sikujua inamhusu hata aliyejifunza kushika bisibisi mezani kwako. Haya, kalamu nimeishika, na kiganja kinauma tangu aya ya kwanza.

Kampuni yangu imeachia huru kipande cha msimbo wa kompyuta kinachosafisha sauti. Kikundi chetu cha watu watano ndicho kilichokiandika, mwaka mzima na nusu. Unakipa rekodi yenye feni, jenereta na mvua juu ya bati, kinakurudishia mtu anayezungumza peke yake kana kwamba amejifungia ndani ya kabati la nguo. Leseni yake inamruhusu yeyote kukitumia na kukigawa. Ninaomba Sikio ikibebe ndani yake kwenye toleo la Julai, ili kila anayeweka Sikio akikute humo humo. Najua utasema mwenye haja nacho akakipakue mwenyewe. Shangazi, watumiaji wako wana kompyuta za zamani na mtandao wa kuombea dua. Vituo vidogo vya redio, vyumba vya kurekodia vitabu vya kusomea wasioona: ukiwaambia waende wakakitafute kwingine, hawataenda. Ukikibeba wanacho, usipokibeba hawana.

Mwanao,
Skrubu

*

27 Februari

Skrubu mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo siku hizi ndilo lenye nyumba. Likisema hatutoki, hatutoki. Mwenye nyumba wa kweli amepaka rangi ukuta wa nje mpaka nusu, rangi ikamwishia, na sasa anatuambia ndio mtindo. Mtoto msuke mistari minne tu, usijitie ufundi.

Baba yako anakula, anatembea na ananibishia. Habari za simu muulize mwenyewe.

Kuhusu kanuni, usinililie. Nilikupa jina la Skrubu siku ulipoifungua redio yangu ya kazini, ukaifunga, ikakubakia skrubu moja mkononi, ukaniambia, "Hii ilikuwa ya ziada." Mtu wa namna hiyo ndiye kanuni huandikwa kwa ajili yake.

Barua yako ni nzuri, lakini umenieleza kinafanya nini, hukunieleza kilivyo. Nimekifungua. Msimbo wenyewe ni kurasa arobaini hivi, msafi, hata mkono wako nimeuona. Halafu pembeni kuna faili moja kubwa kuliko Sikio nzima, na ndani yake ni namba tupu, mamilioni. Usinifundishe, najua ni nini. Mmeisikilizisha mashine sauti nyingi mpaka ikajifunza ipi ni ya mtu na ipi ni kelele, na ilichojifunza ndizo hizo namba. Sasa niambie, mliisikilizisha sauti za akina nani? Na siku ikikosea, nitashika wapi? Msimbo ukikosea naupitia mstari kwa mstari mpaka nimpate mchawi. Namba nitaziuliza nini?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe unaniletea mgeni ambaye siku ya tatu jembe nitashika mimi, yeye akae ndani akiitwa wa kwetu. Tukikibeba, kosa lake ni letu. Mtumiaji hajui kama kuna kampuni yako duniani. Atasema Sikio imemharibia kazi, na atakuwa na haki.

Nimekuwa fundi mitambo wa redio miaka thelathini na moja. Wakurugenzi tisa walipita juu yangu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniingizia kitu kwenye mitambo yangu kabla sijakisikiliza kwa masikio yangu. Hiki nacho nitakisikiliza, kisha nitasema. Ndani ya bahasha kuna memori kadi yenye dakika ishirini za msomaji wetu mmoja wa siku za Jumanne, kwenye chumba cha kusomea wasioona. Sikiliza na wewe.

Shangazi yako

*

21 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na pole ya goti. Huku jirani wa juu ameanza kutoboa ukuta kila Jumamosi, na tumekubaliana kwamba anatafuta hazina.

Nakujibu kama ulivyouliza. Sauti tulizotumia ni za wasomaji waliosomea kazi hiyo, maelfu ya saa, zilizorekodiwa kwenye studio nzuri, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee. Namba zikikosea hazirekebishwi moja moja, mashine inafundishwa upya na faili jipya linatolewa. Jembe nitashika mimi. Andika hivyo kwenye orodha ya watunzaji wa Sikio, kwa jina langu na si la kampuni.

Nina ombi jingine. Uamuzi usipite mwisho wa Juni. Usiniulize Juni ina nini.

Baba bado hapokei. Jana nilipiga mara nne. Akaniandikia, "Nikimaliza nitakutafuta." Hajanitafuta. Kama nimemkosea naomba niambiwe, maana kununiwa bila kusomewa mashtaka ni kazi ngumu.

Memori kadi nimeipata, nitaishughulikia.

Skrubu

*

16 Aprili

Skrubu,

Hujamkosea. Usilirudie tena hilo.

Nimepitisha rekodi hamsini na tatu kwenye kile kipande chenu, za wasomaji wetu wote na za vituo viwili vya redio. Hamsini na mbili zimetoka safi mpaka nikaona wivu. Kuna bibi mmoja anayesoma habari karibu na mashine ya kusaga. Mashine yote imeondoka, bibi amebaki. Siwezi kukunyima sifa hiyo, mmefanya kazi ya watu.

Ya hamsini na tatu imetoka kimya. Dakika ishirini, kimya toka mwanzo hadi mwisho. Ndiyo ile niliyokutumia.

Hutaki kuniambia Juni ina nini, na mimi nina ambalo sitaki kukuambia, basi tuko sawa. Sikiliza hiyo kadi.

Shangazi yako

*

7 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo, na leo sina maneno mengi ya nyumbani kwa sababu nina hasira, na umenifundisha mwenyewe kwamba mwenye hasira aseme upesi.

Juni nitakuambia. Meneja wetu amepewa mpaka tarehe thelathini. Isipopatikana programu huria moja inayojulikana ambayo imekibeba kipande chetu, kikundi kinavunjwa, wote watano. Nilinyamaza kwa sababu sikutaka unihurumie. Nilitaka useme ndiyo kwa sababu kazi ni nzuri, na wewe mwenyewe umekiri ni nzuri.

Kadi yako nimeipitisha. Kweli inatoka kimya. Nikaifungua rekodi ya awali kwenye skrini nikautazama mchoro wake. Sauti ya mtu ikichorwa huwa na mistari iliyopangana kama ngazi, kwa sababu koo linatetema. Yako haina hata kidato kimoja. Toka mwanzo hadi mwisho ni ukungu. Shangazi, hiyo siyo rekodi ya msomaji. Kipaza sauti kilikuwa dirishani, kikarekodi upepo, na msimbo wetu ukakutana na upepo ukaufuta kama ulivyofundishwa. Umeizuia kazi ya mwaka mmoja na nusu kwa ajili ya dirisha lililoachwa wazi.

Nakubali kushindwa kwa hoja, ila kwa upepo sikubali. Kati yenu watunzaji saba, wanne wameniambia wako upande wangu. Kanuni zako mwenyewe zinasema watunzaji wakitofautiana, kura ipigwe. Naomba kura.

Skrubu

*

26 Mei

Skrubu,

Huo upepo ni baba yako.

Kaa chini kama umesimama. Mwezi wa Novemba madaktari walimkuta na ugonjwa kooni, wakazitoa nyuzi za sauti kabla haujasambaa. Haukusambaa. Wamempima Februari, wamempima tena Aprili, yuko safi. Sauti haikurudi na haitarudi. Kilichobaki ni pumzi anayoikata kwa ulimi na midomo mpaka iwe maneno. Ukikaa karibu unamwelewa kila neno. Ukikaa mbali unadhani mtu anapoza chai.

Alinikamata mkono kabla hajaingia chumba cha upasuaji akaniapisha nisikuambie. Alisema ukimsikia hivyo utaacha kazi, upande ndege urudi nyumbani, na yeye hataki kuwa sababu ya mtoto kurudi nyuma. Nimenyamaza miezi sita, na nakwambia hakuna kitu kilichonichosha mwaka huu kama barua zako za kuulizia simu. Leo nimevunja kiapo. Jioni nitamwambia mwenyewe, na atanuna wiki nzima.

Kazi anayokwenda ndiyo hiyo. Daktari alimwambia apumzishe koo, yeye wiki ya sita akaenda chumba cha kusomea akaomba zamu. Nikamgombeza. Akaniandikia kwenye karatasi, "Kilichobaki siwezi kukiweka akiba." Jumanne anasoma kitabu cha hesabu, sura baada ya sura, maana wasomaji wengine wanakimbia hesabu. Wanafunzi wanazisikiliza rekodi zake wakiwa wamebana hedifoni kwa mikono miwili. Binti mmoja aliniambia kwamba kwa mwalimu huyu hakuna anayesinzia, kwa sababu ni kama kuambiwa siri.

Sasa nikuambie la kwangu. Mara mbili nilikuambia usikilize. Ukaichora, ukaitazama, ukaihukumu kwa macho. Mtu wa sauti! Mezani kwangu sikukufundisha hivyo, na hilo limeniuma kuliko vitisho vyako vya kura.

Kura pigeni. Wanne wako wakishinda, Sikio ichukueni na namba zenu. Mimi nitabaki na toleo la zamani, kompyuta ya zamani na msomaji mmoja, nami nitaitunza mpaka nife. Sitatoa kwa mkono wangu toleo linalomkuta kaka yangu anasema halafu linamwambia hakuna mtu.

Shangazi yako

*

14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Sijui barua hii niianzeje, kwa hiyo naieleza kama ilivyokwenda.

Barua yako niliisomea kwenye ngazi za nyuma za ofisi. Hapo hapo nikavaa hedifoni nikaiweka rekodi. Dakika ya kwanza nilisikia pumzi tu. Dakika ya pili nikasikia "gawanya." Baada ya hapo sikukosa neno. Kabla ya kutaja jibu anasimama, kama alivyokuwa akisimama darasani, kuwapa nafasi watoto wa nyuma. Hata angetolewa koo lote ningemjua kwa huko kusimama. Nami nilikuwa nimeandika "dirisha." Nimeaibika, Shangazi, na sitafuti neno la kuipunguza aibu hiyo.

Nikampelekea meneja. Alisikiliza sekunde kumi, akavua hedifoni, akasema watu wa hivyo ni wachache mno, kwenye takwimu zetu hata hawaonekani. Nikamwambia hawaonekani kwa sababu tumewafuta. Nikaomba tuandike onyo kwenye ukurasa wa kwanza wa msimbo. Akasema tutaandika baada ya Juni. Nikarudi kwenye kiti changu, nikaliandika palepale: msimbo huu hauwasikii watu waliopoteza nyuzi za sauti, unawatoa kimya. Kisha nikaingia jukwaani kwa Sikio nikaandika, "Mimi ni mmoja wa walioandika kipande hiki na mimi ndiye niliyewaombeni mkibebe. Msikibebe." Wenzangu wawili wa kikundi wakaongeza majina yao chini ya langu. Saa sita mchana kadi yangu ya kazini ilikataa kufungua mlango wa ofisi.

Usihangaike, sijuti. Mama mtoto alinitazama, akaniuliza kama ningefanya vingine, nikasema hapana, akasema basi tule.

Jioni ile nikapiga simu. Iliita mpaka nikajua itachoka kama kawaida yake. Ikapokelewa. Hakuna neno. Nikasema, "Baba, sikati." Nikasikia pumzi inapandishwa, halafu, "Umekula?"

Nililia, na nakuandikia bila kuficha. Tukazungumza dakika arobaini. Nilimwambia kwamba nimeachishwa kazi. Akasema yeye miezi sita alikuwa ananificha ili nisiiache kazi hiyo, kumbe nilikuwa na akili ya kuiacha mwenyewe.

Mwanao,
Skrubu

*

5 Julai

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba tena. Goti linaendelea na utawala wake. Ukuta umemaliziwa, kwa rangi nyingine kabisa, na mwenye nyumba anasema huo nao ni mtindo.

Kura sita kwa moja, hatukibebi. Utashangaa, maana mpaka siku tatu kabla ya kufunga kura, hesabu ilikuwa nne kwa tatu, na nne walikuwa wa kubeba. Tangazo lako liliwatikisa lakini halikuwageuza. Mmoja wao, anayefanya kazi kwenye kituo cha redio, aliandika kwa adabu zote kwamba mmoja kati ya hamsini na tatu si hoja. Tukibebe, na ambaye kinamdhuru akizime. Nilitaka kumjibu kwamba anayesoma siye anayebonyeza kitufe cha kuzima, na kwamba huwezi kumwomba mtu apaze sauti kulalamika kwamba sauti yake imefutwa. Nilikuwa naandika huku nabwata peke yangu kama kasuku. Baba yako alikuwa amekaa mlangoni anamenya viazi. Akauliza wamesemaje, nikamsomea.

Akaweka kisu chini. Akaja mezani kwangu na mikono imelowa, akavuta kiti, akakivuta na kipaza sauti. Nikataka kuzima feni akanizuia. Akarekodi mara moja tu, hakurudia, akasema niiweke jukwaani kama ilivyo na nisiongeze neno. Nikaiweka. Yule wa kituo cha redio alikuwa wa kwanza kubadilisha kura yake, na wawili wakamfuata. Anayetaka kusikia lazima abane hedifoni kwa mikono miwili. Nakuandikia hapa alichosema, uwe nacho kwa mkono wangu:

"Mimi ndiye kelele mnayoijadili. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na nne, kwa hiyo mmoja kati ya hamsini na tatu najua ni ngapi. Ni mimi. Jumanne nasoma sura ya tisa. Anayetaka kunifuta, aje anifute nikiwa nimekaa hapa."

Shangazi yako